Moyo wa Nyumba Yetu Uko Uwanjani

Ijumaa, alasiri. Mawingu yametanda juu ya Bunda tangu alfajiri; hayanyeshi na hayaondoki. Kuku wa jirani wamejikusanya chini ya mkokoteni kana kwamba kuna kitu wamekisikia.

Nimeficha jambo, na nguvu za kulificha zimeniishia. Ninaujua ugonjwa unaowaangusha wanaume wa nyumba yetu wakiwa bado na nguvu zao. Na ninajua kwamba yuko mmoja wa damu yetu ambaye hakuwahi kuambiwa, na kesho jioni ataingia uwanjani kuichezea timu ya Taifa katika mashindano ya mataifa ya Afrika.

Kijana huyo ni mwanangu wa kumzaa. Hilo nalo, mpaka leo asubuhi, hakuna aliyewahi kumwambia.

Humu nitamwita Sabato. Silo jina lake, na majina ya watu wa nyumba yake nayo nimeyabadilisha. Mkoa wa Mara umetoa wachezaji wengi, na wewe unayesoma ukidhani umemtambua, nakuomba usiandike jina lolote kwenye maoni. Nina haki ya kuanika yangu. Yake ni yake.

Blogu hii binti yangu Mariamu alinifungulia nilipostaafu ualimu, niwe naandika habari za bustani na visa vya madarasa ya zamani. Wasomaji wangu wengi ni wanafunzi niliowafundisha baiolojia, nao sasa wana mvi. Leo sina mchicha wa kuwaeleza. Naandika kwa kidole kimoja, nikiwa nimekaa, kwa sababu hata usingizi naupata nikiwa nimekaa. Nikijinyoosha, pumzi inakata. Miguu imevimba mpaka kandambili hazivaliki. Juzi daktari alizungumza na Mariamu koridoni kwa sauti ya chini. Walidhani mzee kasinzia.

Sikusinzia.

Nianze na Jumanne. Siku hiyo nilipelekwa kwenye banda umiza la hapa Manyamanyama kutazama mechi yetu ya mwisho ya makundi. Nyumbani televisheni ipo, lakini mpira wa kutazama peke yako hauna chumvi. Mwenye banda anaitwa Masatu, Mjita mwenye kelele, na kila nikiingia huwafukuza vijana kwenye kiti cha mbele.

"Mpisheni Mwalimu! Toeni hayo magoti yenu!" Kisha akaniuliza kama anavyouliza kila mechi: "Mwalimu, leo tunapona au tunazikwa?"

"Waulize wanaokimbia," nikamjibu.

Tulihitaji sare tu. Sabato anacheza beki wa kulia, beki wa siku hizi, wa kupanda mpaka kwenye kibendera cha kona na kurudi kukaba bila kupumzika. Kila akipita karibu na kamera banda lilipiga mayowe.

"Mcheki mura! Ana mapafu ya punda!"

"Punda anachoka, wewe. Ile ni injini ya meli."

"Watu wa kwetu hatuchokagi, bwana. Tumelelewa na ugali wa muhogo na sato."

"Sato unamwonaga wapi wewe? Si kila siku nakukuta na dagaa wa kupima kwa kopo!"

Wakacheka, nami nikacheka. Mechi ilikuwa inakaribia kuisha. Sabato alikimbia kumfukuza winga wao karibu uwanja mzima, akautoa mpira nje, kisha akachuchumaa. Watu wakadhani anafunga kamba za kiatu. Mkono wake haukwenda kwenye kiatu. Ulishika jezi upande wa kushoto, ukaikunja ndani ya ngumi, na uso ukaangalia juu, mdomo wazi. Mtangazaji akasema ni baridi ya kule kaskazini mwa Afrika. Masatu akasema kabanwa misuli. Baada ya muda mfupi kijana akainuka, akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi, akarudi kwenye nafasi yake.

Filimbi ililia, tukawa tumevuka. Watu walicheza juu ya mabenchi mpaka moja likavunjika. Mimi nilibaki nimekaa.

Nilikuwa nimeuona mkono ulivyokaa.

Mwanangu wa kwanza, Daudi, alichuchumaa hivyo hivyo kando ya mtungi wa maji nyumbani kwetu Butiama, akitoka mazoezini. "Mama, kifua kinanichezea," alimwambia marehemu mke wangu, na mama yake akamwambia apunguze kukimbia juani. Siku chache baadaye tulikwenda Musoma kwenye michezo ya shule. Daudi alikuwa nahodha. Alianguka katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa, mpira uko mbali kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, ndala zake ziko mkononi mwangu. Niliendelea kuzishika mpaka hospitali.

Kabla yake kaka yangu alianguka akicheza ngoma kwenye harusi. Na kabla ya kaka, baba yetu alianguka nyuma ya plau, shambani. Ng'ombe waliendelea kulima peke yao mpaka mwisho wa mtaro, wakasimama, wakasubiri ageuze.

Watu wakasema ni laana. Wazee wakachinja, wakatutakasa. Shangazi mmoja alinyooshewa kidole mpaka akahama, akafia ugenini. Mimi, niliyekuwa nachora njegere ubaoni kuwaeleza watoto jinsi mzazi anavyomrithisha mwanawe, sikusimama kumtetea. Nilisema sina ushahidi.

Ushahidi ulikuja moyo wangu mwenyewe ulipoanza kusumbua, nikapelekwa Mwanza. Daktari aligeuza kioo cha mashine ili nione. "Ukuta huu wa moyo, Mwalimu, ni mnene kuliko inavyotakiwa. Umezaliwa na hali hii. Wengine inawaua wakiwa vijana, hasa kwenye michezo ya nguvu. Wengine wanafika uzee, kama wewe." Akaniuliza kuhusu ndugu zangu, nikamweleza. Akaacha kuandika. Akasema kila mtoto wangu apimwe, maana kila mmoja yuko nusu kwa nusu, kama kurusha shilingi. Na aliye mchezaji asikanyage uwanja kabla ya kupimwa.

Mariamu alipimwa palepale. Yuko salama.

"Ndiye mtoto pekee uliyebaki naye?" daktari akauliza.

"Ndiye," nikasema.

Sasa nieleze Sabato alivyo wangu, na asivyo wangu. Wa Mara wataelewa haraka, wengine wanivumilie.

Nilipokuwa mwalimu Mugeta, mke wangu na watoto walibaki Butiama kwenye mashamba. Jirani na nyumba za walimu aliishi Bibi Robi, mjane wa mzee Mseti. Mseti alimwachia ng'ombe lakini si mtoto wa kiume. Kwetu mwanamke wa namna hiyo ana njia ya kuzuia jina la mumewe lisizimike: anatoa ng'ombe wake mwenyewe, anaoa mke. Tunaita nyumba ntobhu. Mke anazaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto ni wa nyumba ile, wanabeba jina la marehemu. Mwanamume hana mtoto pale. Hajapoteza kitu, kwa sababu hakuwahi kuwa nacho.

Mke aliyeolewa ni Ghati. Alikuja mtu mzima, ana mtoto wa kike mgongoni, baada ya ndoa ya kwanza kumchosha. Mchaguzi wa mwanamume alikuwa Bibi Robi. Alinijia mchana kweupe na kibuyu cha maziwa mgando, akakiweka mezani.

"Mwalimu," akasema, "una kichwa, halafu huna maneno. Nahitaji vyote viwili."

Nilikubali mbele ya wazee wawili wa ukoo wa Mseti. Mtoto akizaliwa sitamtaja, sitamdai, sitamnunulia hata daftari. Nilitimiza. Alizaliwa, akakua, akaniita Mwalimu. Mwaka wangu wa mwisho kazini alikaa dawati la mbele na kunakili zile njegere bila kukosea.

Tazama basi jinsi tulivyomfunga macho. Kila daktari wa timu anamuuliza mchezaji: baba yako yuko hai? Alikufa kwa nini? Na Sabato atajibu kama alivyolelewa: baba aliumwa na nyoka akichunga, babu alikufa kwa uzee. Hadanganyi. Kila neno ni kweli, ila ni habari za mwili wa mtu mwingine. Labda wamempima moyo, na labda kipimo kilitoka safi. Nilimuuliza daktari wa Mwanza hilo pia, nikijifanya nauliza kwa ajili ya elimu. Akasema ugonjwa huu unaweza kujificha ujanani na kujitokeza baadaye, na asiyeambiwa atafute nini, anaweza kupita juu yake.

Usiku wa Jumanne sikulala, na sijalala wala kukaa vizuri tangu hapo. Leo asubuhi nilimwambia Mariamu akodi gari atupeleke Mugeta.

Alidhani nataka kuaga watu. Nilimweleza tukiwa njiani. Akageuza uso dirishani.

"Kwa hiyo nina mdogo wangu," akasema mwishowe.

"Unaye."

"Na siku zote hizi nimekuwa namshangilia kama mtoto wa jirani." Hakugeuka kuniangalia. "Mama alijua?"

"Hapana."

"Afadhali amekufa, baba."



Nyumba ya Bibi Robi sasa ina bati jekundu, kazi ya Sabato, na bendera ya taifa imefungwa kwenye mti wa uzio. Bibi yuko kwenye kiti uani, macho yamefifia, masikio hayajafifia. Ghati alitoka jikoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo Mwalimu," akasema.

"Marahaba, Mama Sabato."

Ndivyo tunavyosalimiana tangu mtoto azaliwe.

Bibi Robi hakunisubiri nikae. "Mwalimu, umekuja kudai?"

"Hapana, mama."

"Maana wanakujaga. Tangu mtoto aonekane kwenye televisheni, wajomba wameota kama uyoga. Nikawa najiuliza, baba ataota lini?"

"Mtoto ni wa Mseti. Sikuja kubadilisha hilo."

"Ng'ombe zangu ndio zilimleta."

"Ndio zilimleta, mama. Ila moyo alio nao huenda ni wa kwetu, na moyo wa kwetu ni mbovu."

Nikawaeleza yote: baba na plau, kaka na ngoma, Daudi, mashine ya Mwanza, mkono wa Jumanne. Nilikuwa nasimama kila baada ya maneno machache kutafuta pumzi, na Mariamu alinishikia bega. Bibi Robi alifungua kikopo chake cha ugoro, akakifunga bila kunusa.

"Siku ile ya wazee hukuyasema haya," akasema.

"Siku ile sikuyajua."

"Hilo nakukubalia." Akageuza uso kuelekea mlangoni. "Ghati, mpigie mtoto. Mseti hawezi kukasirika kwa hili. Mseti alikuwaga mtu wa kuelewa."

Kumbe mlango niliouogopa maisha yangu yote ulikuwa umeegeshwa tu.

Ghati hakwenda kuchukua simu mara moja. Alisimama, unga unamdondoka, akaniuliza, "Ulijua lini?"

"Mila ilinifunga mdomo, Mama Sabato. Niliahidi mbele ya wazee."

"Sikukuuliza kilichokufunga," akasema. Akaenda kuchukua simu.

Ilipatikana baada ya kujaribu mara nyingi. Akaweka sauti ya wote kusikia. Nyuma ya Sabato kulikuwa na vicheko na muziki, vijana wako kambini.

"Mama, kuna nini? Bibi mzima?"

Ghati alimweleza kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha Kiswahili kwa yale ya hospitali. Alimwambia na aliyemzaa ni nani, kwa sentensi moja, kama mtu anayetoa mwiba. Muziki ulipungua, nadhani alitoka nje. Ghati akaangalia kama simu imekatika.

"Mwalimu yuko hapo?"

"Yupo."

"Shikamoo Mwalimu."

Nilikuwa bado natafuta pumzi. Mariamu aliitikia kwa niaba yangu.

"Mwalimu, Jumanne kifua kilinishika kweli. Nilijua ni baridi."

"Si baridi, mwanangu." Kila mzee humwita kijana mwanangu, kwa hiyo pale uani neno lilipita kama maneno mengine. "Nenda kwa daktari wa timu sasa hivi. Acha hata chakula. Mwambie wanaume wa kwenu wanaanguka."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baada ya mechi."

Ghati alipiga kelele. Bibi Robi alinyanyua mkono kumnyamazisha.

"Nisikilizeni," akasema Sabato, na sauti yake ilikuwa ya upole, kama ya mtu anayembembeleza mtoto. "Nikisema leo wananitoa. Mechi hii nimeisubiri tangu nachezea mpira wa makaratasi hapo nyuma ya nyumba. Ni dakika tisini tu. Nikitoka uwanjani naenda kwa daktari moja kwa moja. Naapa kwa jina la baba." Akasita. "Kwa jina la Mseti."

Akakata. Ghati alipiga tena na tena. Haipatikani.

Njia nzima ya kurudi Mariamu alikuwa kwenye simu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani anamfahamu mtu anayefahamiana na watu wa benchi la ufundi. Ameahidi ujumbe utafika kwa daktari. Sina uhakika. Nadhani watu wale wakati wa mashindano wanapokea simu za waotaji na manabii kila siku: fulani amerogwa, fulani ataumia, msimpange fulani. Sisi tutakuwa simu moja kati ya hizo. Watu wa timu walipopokea na kumuuliza Mariamu yeye ni nani kwa mchezaji, nilimsikia akijibu, "Ni dada yake," na upande wa pili wakamwambia, dada, mbona katika familia yake hatuna jina lako?

Bado anajaribu. Namsikia chumba cha pili sasa hivi ninavyoandika, anasoma namba kwa sauti. Nimemwambia akimpata daktari anipe mimi simu. Nitamtajia jina la ugonjwa kwa herufi moja moja.

Nje, Masatu ameshatundika spika. Bodaboda zinapita na bendera, honi hazikomi. Ameniletea ujumbe kwamba kesho kiti changu cha mbele kipo, na atakifunika kwa khanga asikikalie mtu. Mawingu bado yako pale pale. Miguu imekuwa mizito kuliko asubuhi, na huenda nisifike hiyo kesho jioni, hilo halinitishi. Kinachonitisha ni kwamba huenda nikafika.

Jibu la swali la Ghati ninalo. Nimelibeba kutoka Mugeta mpaka hapa, na yeye anastahili kulisoma kabla filimbi haijapulizwa.

Nilijua mwaka juzi. Wiki ile ile niliyorudi kutoka Mwanza, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki, redio ilisoma majina ya kikosi cha Taifa, na kwa mara ya kwanza jina lake likawemo. Namba ya Bibi Robi nilikuwa nayo kwenye simu. Simu ilikuwa mkononi. Nilijua nikipiga atapimwa, na akipimwa huenda wakamwachisha mpira. Niliweka simu chini, nikaongeza sauti ya redio.

Haikuwa mila, Mama Sabato. Mila imekubali leo kwa maneno machache, na ingekubali siku ile.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kumwona akicheza.